Kengele ya Chakula: Jinsi Tahadhari Zilivyoanza Kuvuka Mipaka

Chakula chenye madhara kinapogundulika kikiwa tayari kimefika sokoni, hatua mbili huchukuliwa: walaji huonywa wasikile, na mwenye bidhaa hutakiwa kuiondoa madukani. Leo onyo la namna hiyo likitolewa Ulaya asubuhi huweza kuwafikia maofisa wa Dar es Salaam au Nairobi kabla ya jioni. Mfumo huo umejengwa kwa zaidi ya karne moja na nusu, na karibu kila sehemu yake ilitanguliwa na vifo. Tangu ulipoanza kuvuka mipaka umekuwa na upungufu mmoja ambao haujaondoka: tahadhari hutolewa palipo na maabara na mnunuzi mwenye nguvu, na si lazima iwe pale wanapoishi watu wanaokula sumu nyingi zaidi.

Peremende za Bradford, 1858

Mwishoni mwa Oktoba 1858, mtengenezaji mmoja wa peremende katika mji wa Bradford, kaskazini mwa Uingereza, aliagiza unga wa jasi kutoka kwa muuza dawa. Sukari ilikuwa ghali, na kuichanganya na jasi ilikuwa desturi iliyojulikana na wengi katika biashara hiyo. Msaidizi wa dukani alichota unga mweupe kutoka pipa lisilo lake na kupima ratili 12. Haukuwa jasi, ulikuwa aseniki. Peremende zilizotokana na mchanganyiko huo ziliuzwa sokoni Jumamosi usiku.

Vifo vya kwanza vilikuwa vya watoto wawili, vikadhaniwa ni kipindupindu. Idadi ya wagonjwa ilipoongezeka, ikaonekana kwamba wote walikuwa wamenunua kwenye meza moja. Watu wapatao 20 walikufa na zaidi ya 200 wakaugua. Chanzo kilipatikana upesi kwa sababu mlaji, mchuuzi, mtengenezaji na muuza dawa walikuwa wa eneo moja, na askari aliweza kuwafuata mmoja baada ya mwingine. Miaka miwili baadaye, 1860, Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kwanza ya nchi hiyo dhidi ya uchakachuaji wa vyakula kwa ujumla. Sheria hiyo ilikuwa dhaifu, na ilibidi ifanyiwe kazi upya katika miaka ya 1870, lakini ilikubali kwa mara ya kwanza kwamba usalama wa chakula hauwezi kuachwa mikononi mwa muuzaji na mnunuzi peke yao.

Makopo na matangazo, 1906–1971

Reli, meli za mvuke na makopo viliufuta ule ukaribu wa Bradford. Nyama iliyochinjwa Chicago ilianza kuliwa maelfu ya kilomita kutoka machinjioni, na mlaji hakuwa na njia ya kujua ilivyoandaliwa. Mwaka 1906 mwandishi Upton Sinclair alichapisha riwaya ya The Jungle kuhusu wafanyakazi wa viwanda vya nyama vya mji huo. Kurasa zake chache kuhusu uchafu wa viwandani ziliwashtua Wamarekani kuliko masaibu ya wafanyakazi aliyokusudia kuyaeleza. Juni 30 ya mwaka huohuo Rais Theodore Roosevelt alitia saini sheria mbili, moja ya ukaguzi wa nyama na nyingine ya vyakula na dawa.

Sheria hizo hazikumpa ofisa wa serikali uwezo wa kuamuru kiwanda kiondoe bidhaa sokoni. Angeweza kwenda mahakamani kuomba mzigo ukamatwe, au angeweza kutangaza. Nguvu ya kutangaza ilionekana Novemba 9, 1959, waziri wa afya Arthur Flemming aliposema kwamba baadhi ya matunda ya kranberi kutoka majimbo ya Oregon na Washington yalikuwa na mabaki ya kiuagugu kilichosababisha saratani kwa panya. Zilikuwa zimebaki wiki chache kufikia sikukuu ya Shukrani, ambayo mezani pake matunda hayo hayakosekani. Mauzo yakaporomoka nchi nzima, hata ya wakulima ambao mazao yao hayakuwa na doa.

Mwaka 1971 mtu mmoja katika jimbo la New York alikufa kwa botulizimu baada ya kula supu ya viazi ya kopo ya kampuni ya Bon Vivant. Kampuni ilianza kurudisha makopo 6,444 ya toleo lile, kisha zoezi likapanuliwa kwa bidhaa zake zote, na katika muda wa takriban mwezi mmoja ikatangaza kufilisika. Wenye viwanda waliona kwamba asiyejua kila toleo la bidhaa yake limekwenda wapi atalazimika kurudisha kila kitu. Namba ya toleo, ile iliyogongwa chini ya kopo na ambayo wateja wengi hawaisomi, ikawa kinga ya kampuni na ya mlaji pia. Hata hivyo serikali ya Marekani ilisubiri hadi Januari 2011 kupata uwezo wa kisheria wa kuamuru vyakula vingi viondolewe sokoni bila kutegemea hiari ya mwenye kiwanda.

Bata mzinga na karanga, 1960–1963

Mwaka 1960 zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa katika mashamba ya Uingereza kwa ugonjwa usiojulikana. Maini yaliharibika, ndege wakadhoofika na kufa ndani ya siku chache. Wachunguzi walifuatilia chakula cha mifugo na kufika kwenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili. Ikadhihirika baadaye kwamba tatizo halikuwa la Brazili tu. Karanga za Afrika Mashariki nazo zilikutwa na sumu hiyohiyo, na sampuli za karanga kutoka Uganda zilisaidia kuutambua ukungu unaoitengeneza. Sumu hiyo ni aflatoksini, ambayo katika Kiswahili cha wataalamu huwekwa katika kundi la sumukuvu.

Katika historia ya tahadhari za chakula ni nadra kupata ugunduzi wenye uzito kama huu. Sumu haikutiwa na tapeli wala haikutokana na uchafu wa kiwandani. Ilizaliwa na ukungu wa kawaida wa shambani na ghalani, penye joto na unyevu, yaani katika mazingira ya nchi nyingi za tropiki. Haina harufu, haiondoki kwa kupikwa, na ikiliwa kidogokidogo kwa miaka huleta saratani ya ini. Ilitambuliwa kwa sababu ya mifugo ya nchi tajiri yenye maabara, ilhali watu waliokuwa wakila karanga na mahindi yaleyale hawakuwa wamepimwa chochote.

Mwaka 1963, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya, FAO na WHO, yaliifungua mjini Roma Tume ya Codex Alimentarius, iliyopewa kazi ya kuandika viwango vya chakula vya kimataifa. Viwango hivyo havikuwa amri. Vilipata meno mwaka 1995, mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu afya ya binadamu, wanyama na mimea ulipovifanya kuwa kipimo cha kuamulia ikiwa nchi inazuia bidhaa kwa sababu ya afya au kwa kulinda soko lake.

Ulaya yajenga mtandao, 1979–2005

Mwaka 1979, Jumuiya ya Ulaya ikiwa na wanachama tisa, ilianzisha mfumo wa kupashana habari za haraka kuhusu vyakula hatari, ambao leo hujulikana kwa kifupi cha RASFF. Kanuni yake ni nyepesi: nchi moja ikigundua hatari, wengine wote wajulishwe mara moja. Kwa miaka mingi ulikuwa mfumo wa maofisa, na wananchi wachache walijua upo. Matukio mawili ya miaka ya 1990 ndiyo yaliyoubadilisha.

La kwanza lilikuwa kichaa cha ng'ombe. Ugonjwa huo ulitambuliwa Uingereza mwaka 1986, na kwa miaka kumi serikali ikawahakikishia wananchi kwamba nyama ni salama. Machi 20, 1996, waziri wa afya Stephen Dorrell alisimama bungeni na kusema kwamba ugonjwa mpya wa ubongo uliowapata vijana kadhaa huenda ulitokana na ng'ombe hao. Siku saba baadaye Ulaya ilizuia nyama ya ng'ombe ya Uingereza kwenda popote duniani. Mamilioni ya ng'ombe waliteketezwa, na watu 178 wa nchi hiyo hatimaye walikufa kwa ugonjwa huo. Kosa kubwa lilikuwa kuwaambia watu kwamba wako salama wakati ushahidi ulikuwa bado haujakamilika.

La pili lilitokea Ubelgiji. Januari 1999, mafuta ya mitambo ya umeme yalichanganyika na mafuta ya kutengenezea chakula cha kuku. Dioksini, kemikali zenye sumu, zikaingia katika mayai na nyama. Wakulima waliona mayai hayaanguliwi na maofisa wakapata taarifa, lakini umma uliambiwa mwishoni mwa Mei, wakati chakula kilikuwa kimeshaliwa. Mawaziri wa afya na kilimo walijiuzulu, na uchaguzi wa Juni 13 uliiondoa serikali ya Jean-Luc Dehaene madarakani.

Ulaya ilijibu kwa sheria ya Januari 2002, iliyounda mamlaka moja ya kutathmini hatari na kuupa mfumo wa tahadhari msingi mpya. Kuanzia Januari 1, 2005, kila mfanyabiashara wa chakula alilazimika kujua bidhaa yake imetoka kwa nani na imekwenda kwa nani, hatua moja nyuma na hatua moja mbele. Jaribio la kwanza halikukawia. Februari mwaka huo, Uingereza ilitangaza kwamba rangi ya viwandani iitwayo Sudan 1, isiyoruhusiwa katika chakula, imekutwa ndani ya pilipili ya unga iliyotiwa kwenye sosi moja. Sosi hiyo ilikuwa imetumika kama kiungo katika vyakula vingine, na zaidi ya bidhaa 400 ziliondolewa madukani.

Sangara wa Ziwa Victoria, 1997–2000

Afrika Mashariki iliujua uzito wa tahadhari za Ulaya kupitia sangara. Samaki huyo, aliyepandikizwa Ziwa Victoria katikati ya karne ya 20, alikuwa amegeuka zao kubwa la kuuza nje. Viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza, Musoma, Kisumu na Jinja. Minofu ilipelekwa Ulaya kwa ndege, na vichwa na mifupa iliyobaki, mapanki, ilikaangwa na kuuzwa kwa wenyeji.

Mwaka 1997 ulianza na malalamiko ya Ulaya kuhusu bakteria wa salmonela katika minofu. Mwishoni mwa mwaka huo, kipindupindu kilipoenea pamoja na mvua za El Niño, Ulaya ilizuia samaki wabichi kutoka Kenya, Tanzania, Uganda na Msumbiji. Wataalamu wa WHO walikuwa wakieleza kwamba hatari ya kipindupindu kusafiri kwa chakula cha biashara ya kimataifa ni ndogo mno, na Tanzania ilipeleka hoja hiyo mbele ya kamati ya Shirika la Biashara Duniani. Zuio liliondolewa katikati ya 1998. Mwaka 1999 likaja jingine, safari hii kwa sababu ambayo hakuna aliyeweza kuipuuza: baadhi ya wavuvi walikuwa wakimwaga viuatilifu vya shambani ziwani ili kuwavua samaki kwa wepesi.

Pigo lilifika hadi kwenye mialo. Viwanda vilipunguza kazi au kufunga, na bei ya sangara kwa mvuvi ikaanguka. Hata wasiotumia sumu waliumia sawa na waliotumia, kwa kuwa zuio halikuchagua mwalo. Ndipo serikali za Kenya, Tanzania na Uganda zilipofanya kwa haraka mambo yaliyokuwa yameahirishwa kwa miaka: kuteua ofisi moja yenye dhamana ya ubora wa samaki wa nje, kutengeneza mialo yenye sakafu, maji safi na barafu, kuvilazimisha viwanda vibaini hatua zake za hatari, na kupima mabaki ya sumu katika maabara, ikiwemo ile ya Nyegezi jijini Mwanza. Kufikia mwisho wa mwaka 2000 nchi zote tatu zilikuwa zimeruhusiwa tena kuuza Ulaya.

Mageuzi hayo yalikuwa ya kweli na yamedumu. Lakini yalihusu minofu ya kusafirishwa. Samaki wa soko la mjini na mapanki ya kukaanga hayakuwa na mnunuzi wa kudai cheti.

Unga wa maziwa, 2008

Mwaka 2004 WHO na FAO zilianzisha mtandao wa dunia nzima wa mamlaka za usalama wa chakula, INFOSAN, ili nchi zisizo katika mfumo wa Ulaya nazo zipate na kutoa taarifa. Miaka minne baadaye ulikutana na mtihani mkubwa.

Wafanyabiashara wa kati nchini China walikuwa wakiongeza maji katika maziwa waliyokusanya kwa wafugaji. Maziwa yaliyozimuliwa hupungua protini, na kipimo kilichotumika viwandani hakikupima protini yenyewe bali nitrojeni. Melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki, ina nitrojeni nyingi na bei yake ni ndogo. Kijiko chake katika maziwa mepesi kilitosha kuudanganya mtambo. Dalili zilikuwapo: mwaka 2007 melamini ilikuwa imeua mbwa na paka Marekani kupitia ngano iliyosindikwa China. Lakini hakuna aliyeamuru itafutwe katika maziwa ya watoto.

Watoto wachanga wakaanza kufikishwa hospitalini na mawe kwenye figo, ugonjwa usio wa umri wao. Kampuni ya Sanlu, iliyouza unga mwingi zaidi, ilikuwa na mbia kutoka New Zealand, Fonterra, mwenye asilimia 43 ya hisa. Fonterra ilielezwa Agosti 2, siku sita kabla ya Michezo ya Olimpiki kufunguliwa Beijing. Ilitaka bidhaa iondolewe hadharani. Maofisa wa mji ilikokuwa Sanlu hawakukubali. Septemba 8, Waziri Mkuu wa New Zealand, Helen Clark, aliamuru serikali ya China ijulishwe moja kwa moja, na siku tatu baadaye bidhaa ikatangazwa kuondolewa. Zaidi ya wiki tano zilikuwa zimepita, na katika wiki hizo wazazi waliendelea kukoroga maziwa yale. Watoto wapatao 300,000 waliathirika, na vifo sita vikatambuliwa rasmi.

Nchi nyingi zilifunga milango kwa maziwa ya China, zikiwemo Tanzania na Burundi. Watu wawili waliohusika waliuawa kwa hukumu ya mahakama, na China ikatunga sheria mpya ya usalama wa chakula mwaka 2009.

Matango yasiyo na hatia, 2011

Tahadhari iliyochelewa huua. Iliyolenga vibaya huangamiza kazi za watu. Mei 2011 bakteria wa E. koli wa aina isiyo ya kawaida walianza kuwaangusha watu kaskazini mwa Ujerumani, wengi wao wanawake wenye afya njema. Mei 26 wakuu wa Hamburg walitaja matango ya Hispania. Vipimo vya baadaye vilionyesha kwamba bakteria waliokuwa kwenye matango hayo hawakuwa wale waliowaua watu. Lakini Urusi ilizuia mboga zote za Umoja wa Ulaya, na wakulima wa Andalusia wakateketeza mavuno.

Chanzo kilitangazwa Juni 10: mbegu zilizochipuzwa katika shamba moja la Lower Saxony. Kundi dogo la wagonjwa karibu na Bordeaux, Ufaransa, ndilo lililosaidia kuiona mbegu yenyewe, kwani kitu kimoja kiliunganisha sehemu zote mbili: shehena ya uwatu kutoka Misri. Watu karibu 4,000 waliugua na zaidi ya 50 walikufa. Umoja wa Ulaya uliwalipa wakulima fidia ya zaidi ya euro milioni 200.

Poloni ya Polokwane, 2017–2018

Afrika Kusini ndiko ilikodhihirika kwamba bara la Afrika linaweza kuendesha uchunguzi wake wenyewe hadi mwisho. Kuanzia 2017 madaktari wa huko waliona ongezeko la listeria, bakteria anayewadhuru hasa wajawazito na wachanga. Mgonjwa huweza kuanza kuumwa wiki kadhaa baada ya kula, na kumbukumbu ya mlo huwa imepotea. Kwa miezi mingi chanzo hakikujulikana.

Januari 2018 watoto kutoka kituo kimoja cha kulelea watoto Soweto walifikishwa Hospitali ya Chris Hani Baragwanath wakiharisha. Maofisa wa afya walikwenda kituoni na kuchukua sampuli za poloni, aina ya soseji, iliyokuwa kwenye friji. Kutoka hapo njia ilielekea kiwanda cha Enterprise mjini Polokwane, na kusomwa kwa mpangilio wote wa jeni za bakteria kukathibitisha kwamba wa kiwandani na wa wagonjwa wengi ni wa aina moja. Machi 4 waziri wa afya, Aaron Motsoaledi, alitangaza chanzo na bidhaa zikaamriwa kuondolewa. Wagonjwa waliothibitishwa walikuwa 1,060, na 216 kati yao walikufa. Kupitia INFOSAN zilijulishwa nchi 15 za Afrika zilizokuwa zimepokea bidhaa hizo, zikiwemo Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Nyingi hazikuwa na utaratibu wa kuihesabu listeria kwa wagonjwa wao.

Mahindi, 1981–2021

Sumukuvu iliyowaua bata mzinga mwaka 1960 ilikuwa imeendelea kuitia Ulaya hofu muda wote huo. Septemba 1997 ilizuia pistachio za Iran, na njugu na karanga za nchi nyingi zimekuwa zikitajwa mara kwa mara katika orodha za RASFF kwa kuvuka kiwango.

Ukambani nchini Kenya, watu 12 walikufa kwa sumu hiyo mwaka 1981. Mwaka 2004 ikarudi kwa kishindo huko Makueni, Kitui na maeneo ya jirani. Mahindi yalikuwa yamevunwa mabichi, na kwa kuhofia njaa na wezi familia nyingi ziliyaweka ndani ya nyumba, penye joto na pasipo na upepo. Wagonjwa walifika hospitalini macho yakiwa ya manjano. Waliougua walikuwa 317, na 125 wakafa. Kiwango kilichoruhusiwa wakati huo kilikuwa mikrogramu 20 kwa kilo. Zaidi ya nusu ya sampuli za sokoni zilikivuka, na baadhi zilipita 1,000. Serikali iligawa mahindi mengine badala ya yale yenye sumu. Mwaka 2016 Tanzania nayo ilikumbwa, hasa Dodoma na Manyara, wagonjwa 68 na vifo 20.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imeweka kiwango cha pamoja cha mikrogramu 10 kwa kilo. Machi 5, 2021, Kenya ilikitumia kuzuia mahindi ya Tanzania na Uganda. Malori yakakwama Namanga, wafanyabiashara wakalalamika kwamba mahindi ya Kenya yenyewe yana tatizo hilohilo, na baada ya siku chache zuio likageuzwa kuwa masharti: muagizaji asajiliwe, na kila shehena iwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi kiwango.

Cheti hicho hufuata mahindi ya lori. Mahindi ambayo familia imeyalima, kuyakausha uani na kuyapeleka kwenye mashine ya mtaani kusagwa dona hayapimwi popote, na ndiyo yaliyowaua watu wengi wa Makueni.